Boti ya faiba ya futi 23, ukuta wa tezi unacheza: inafufulika au niiache?

dema_la_tumbe

Asalaam alaykum. Hapa Tumbe kuna boti ya faiba inauzwa, ya wazi, futi 23 kwa futi 6 na nusu, ya kufunga mashine ya farasi 40 yenye mguu mrefu. Imepandishwa pwani tangu masika, haina turubali wala kibanda. Nimeikagua kwa macho na kuipima. Mwenyewe hajaniruhusu kuchana mahali, ila kutoboa matundu madogo tunaweza kuelewana.

Hali yake ni hii. Ukuta wa tezi (nyuma ya boti), pale inapofungwa mashine, una upana wa sentimita 150. Ukiishika mashine kwa chini kwenye mguu ukaivuta, ukuta unafuata kama milimita 5 hivi na kurudi. Boliti mbili za chini zimezungukwa na nyufa za nyota. Kwenye nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji) kunatoka unyevu wa kahawia, na boti haijagusa maji wiki nyingi. Sakafu karibu na tezi inabonyea ukiikanyaga. Mkuku, uti wa chini wa boti, umelika kwa kukokotwa, nyuzi zinaonekana kwa urefu wa mita moja na nusu. Ubavuni kuna nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Unene wa ngozi pale kwenye nguruzi ni milimita 6.

Muuzaji anasema inataka "mati mbili na rangi" (mati ni mkeka wa nyuzi za faiba). Naomba kwa wanaoijua kazi: niikague vipi kabla ya kutoa pesa, na ikibidi kubadilisha ukuta wa tezi, vifaa vyake kiasi gani?

fundi_funguni

Waalaykum salaam. Maji ya kahawia ndiyo yenye habari yote, hayo mengine ni nyongeza. Faiba haiozi. Kinachooza ni ubao uliofichwa ndani yake. Ukuta wa tezi wa boti kama hiyo ni plaiwudi iliyovishwa faiba nje na ndani. Maji yakishaingia kupitia tundu la boliti au ukingo wa nguruzi ambao haukuzibwa sawasawa, hayana pa kutokea. Ubao unakunywa, unavimba, unakuwa uji, na zile ngozi mbili za faiba zinabaki kila moja peke yake. Milimita 5 kwa mkono wa mtu mmoja ni nyingi sana. Ukuta mzima hausogei kiasi cha jicho kuona. Kwa hiyo "mati mbili na rangi" ni maneno ya mtu anayetaka kuuza.

Ukaguzi wa kwanza ni wa kugonga. Chukua sarafu nzito au mpini wa plastiki wa bisibisi. Anza mahali unapojua pazima, mfano ubavu wa juu karibu na omo (mbele ya boti), ili sikio lishike sauti yake. Halafu gonga kila baada ya sentimita 5 na kutia alama kwa chaki. Pazima panalia kwa ukali na kukatika. Palipoachana au palipooza panajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Ila usihukumu haraka: taruma (mbavu ya ndani) au povu lililo nyuma ya ngozi nalo hubadilisha sauti. Dawa yake ni kulinganisha kulia na kushoto mahali palepale. Pande mbili zikilingana, ndivyo boti ilivyoundwa. Zikitofautiana, upande mmoja unaumwa.

Usiku ipige taa kali kutoka nje na mwenzako aangalie kwa ndani, sehemu ambazo hazikupakwa rangi nzito. Kiraka cha zamani kitaonekana kama kivuli chenye mpaka. Palipoachana matabaka panaonyesha ukungu mweupe. Muuzaji anaweza kuficha kiraka kwa rangi mchana, usiku hawezi.

Sasa matundu. Matatu yanatosha, ya milimita 6, yatobolewe KUTOKA NDANI. Zungushia teipu kwenye kekee ili usipite ukaitoboa ngozi ya nje. La kwanza sentimita 5 juu ya nguruzi, la pili kati ya boliti mbili za chini, la tatu kona ya juu. Toboa polepole, kila baada ya milimita chache chomoa na uangalie unga unaotoka. Ukitoka mkavu na mweupe kama wa mbao mpya, sawa. Ukitoka wa kahawia lakini mkavu, maji yaliwahi kupita. Ukitoka mweusi, wenye maji na harufu ya matope ya mikoko, hapo ubao haupo tena. Matundu yanazibwa kwa epoksi nzito kwa dakika kumi. Muuzaji akikataa matundu matatu ya namna hiyo, keshakujibu.

Nyufa za buibui ubavuni zisikutishe kwanza. Jelikoti (ngozi ya juu ya rezini yenye rangi) ina unene wa nusu milimita tu, na ikipakwa nene mno hupasuka yenyewe kwa jua. Kwaruza ufa mmoja kwa msasa namba 80. Ukiisha kabla ya kufika kwenye nyuzi, ni maradhi ya ngozi ya juu. Ukifika kwenye nyuzi na bado kuna mstari mweupe, nyuzi zenyewe zimekatika na hapo inataka kiraka cha kweli. Nyufa za nyota huwa ni pigo au kitu kilichokazwa mpaka kikazama, na kwako ni boliti zilizozama kwa sababu ubao ulio nyuma yake umelainika.

La mwisho, boti ikiwa imekaa juu ya magogo manne au matano, mimina maji ya bomba ndani yafike kimo cha vidole vinne tu, usizidishe. Maji ni mazito: sentimita 10 kwenye boti kama hiyo zinaweza kukaribia nusu tani, na boti iliyochoka inaweza kukaa vibaya juu ya magogo ikapasuka. Zunguka kwa nje na karatasi kavu kwenye mkuku na kwenye kona za tezi.

kojani_kusi

Fundi kamaliza ukaguzi, mie naongeza moja ambalo watu wengi wanalisahau: povu la chini ya sakafu. Sakafu inayobonyea maana yake mara nyingi chini yake kuna povu limekunywa maji. Toboa sakafu tundu la sentimita 5 kwa msumeno wa duara, toa kipande cha povu ukikamue kama sifongo. Kama ndani kuna povu la nusu mita ya ujazo na limejaa maji nusu yake, unabeba kilo 250 bure kila ukitoka, na mafuta yanateketea kwa kubeba maji.

Likiwa limelowa usilikaushe, halikauki. Litoe lote. Lakini usiache patupu, kwa sababu lile povu ndilo linaloishikilia boti juu siku ikijaa maji. Madumu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, 25 kati yake, yanatoa ujazo uleule wa nusu mita. Yafunge kwa kamba chini ya mabenchi na kwenye mbavu yasichezecheze. Na yagawe kulia na kushoto sawasawa, mengine omo. Usiyarundike tezi peke yake.

dema_la_tumbe

Ahsanteni sana. Nikishatoboa nitaleta majibu. Ila tuseme ukuta umeoza, naona ndiko tunakoelekea. Rezini, ile ya kulowesha faiba, iwe poliesta au epoksi? Hapa kila fundi na lake.

mkuku_mwema

Poliesta. Boti imezaliwa na poliesta, bei yake ni nafuu mara kadhaa, na mafundi wa hapa wanaijua. Wanaosema haishiki ni wale waliobandika juu ya ubao mbichi au juu ya faiba isiyokwaruzwa.

fundi_funguni

Mkuku, hapo umesema nusu. Poliesta haishiki ubao kama epoksi inavyoushika, hata ubao uwe mkavu. Inashika, lakini ni mshiko wa juujuu, na ukuta wa tezi unatetemeshwa na mashine kila siku. Epoksi inashika ubao na inashika poliesta ya zamani kwa nguvu zaidi. Tatizo lake ni mbili. Bei, hilo linajulikana. La pili, ukishatumia epoksi huwezi kurudi kwenye poliesta juu yake, haitashika vizuri. Hata jelikoti ya kawaida haitakaa. Itabidi umalizie kwa rangi. Na mati ya kawaida haifai kwa epoksi, kwa sababu gundi inayoshikilia zile nyuzi imetengenezwa kuyeyuka ndani ya poliesta. Kwa epoksi tumia kitambaa cha kufumwa.

Kama pesa ni ya mawazo, njia ya kati ni hii: ukuta wote kwa poliesta, ubao uwe mkavu kabisa, na matundu yote ya boliti na nguruzi yazibwe kwa epoksi mwisho kabisa. Epoksi juu ya poliesta iliyokwaruzwa haina ugomvi. Na maji hupita kwenye matundu zaidi kuliko yanavyopita kwenye ngozi, kwa hiyo epoksi yako kidogo umeiweka panapostahili.

Wale wa epoksi wanaozidisha hadina (dawa ya kugandisha) ili iwahi kukauka: hilo ni la poliesta. Epoksi kipimo chake ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, mbili kwa moja au tano kwa moja, na ukikosea inabaki kama ulimbo milele.

mkuku_mwema

Nakubali kwenye matundu. Basi nieleze kazi ya ukuta kwa poliesta, vipimo nimevipiga kwa upana wake wa sentimita 150 na kimo cha 60 nikihesabu na kona.

Kabla ya kukata chochote, ishikize boti. Magogo kila mita moja chini ya mkuku, na uzi uliovutwa toka omo mpaka tezi kuhakikisha mkuku umenyooka. Chini ikikaa na tumbo la ndani, boti itachimba omo ikikimbia na hutoielewa kwa nini. Pigilia ubao mmoja kukatisha juu, kutoka ubavu hadi ubavu, na uandike upana kwa penseli. Ukitoa ukuta bila kushikiza, mbavu zinafunguka, na utakapoweka ukuta mpya utaifunga boti ikiwa imepanuka.

Ngozi ya nje usiiguse, hiyo ndiyo sura ya boti na ndiyo kalibu yako. Kata ngozi ya ndani kwa grenda, ukiacha ukingo wa sentimita 7 pembeni zote. Ubao uliooza toa kwa patasi na nyundo. Sehemu iliyobaki ngumu itakusumbua, na wengi huiacha wakisema hii bado nzima. Usiiache, ukungu umo ndani yake. Osha ndani kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, acha ikauke siku kadhaa. Kujua imekauka, bandika kipande cha nailoni nyeupe cha futi moja kwa moja, teipu pande zote, kilale usiku na kipate jua la asubuhi. Ukikuta jasho chini yake, ngoja tena.

Pangusa mafuta kwa asetoni KABLA ya kukwaruza. Watu hukwaruza kwanza, na hapo grisi na mafuta ya samaki yanasuguliwa kuingia ndani ya mikwaruzo. Halafu kwaruza kwa msasa namba 36 au 40 mpaka mng'aro wote uondoke.

Plaiwudi: vipande viwili vya milimita 18 vilivyoshikamanishwa, jumla na gundi inakuja karibu 38. Ongeza ngozi mbili, ukuta unafika kama 50. Kabla ya hapo pima mdomo wa vibano vya mashine yako unafunguka kiasi gani, usije ukajenga ukuta mnene ambao mashine haiwezi kuuma. Na plaiwudi iwe ya marini ya kweli. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja ukichemshe saa nzima kwenye sufuria. Kikifunguka matabaka, mhuri wake ni mapambo tu. Kikishinda, kausha mbao zako ndani ya nyumba. Kipande cha majaribio kipime kila siku kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, umekauka.

Pata kiolezo kwa kadibodi, kata, jaribu kukaa kabla ya rezini. Kisha piga mkono wa kwanza wa rezini nyepesi, iliyopunguzwa kwa stairini asilimia 10. Usitumie asetoni kupunguza, inabaki ndani na kudhoofisha. Kingo ndizo zinazokunywa, zirudie mpaka zikatae. Tandika mati moja ya 450 (gramu kwa mita ya mraba) iliyolowa na pati (rezini iliyokorogwa nzito) juu ya ngozi ya nje, weka ubao wa kwanza, mati nyingine na pati, ubao wa pili. Kaza kwa boliti ndefu zinazopita matundu ya zamani ya mashine, na mbao nene kwa nje zilizofunikwa nailoni. Kaza mpaka pati ianze kutoka pembeni, basi. Ukikaza zaidi unaifukuza gundi yote.

Kona zote ndani zijazwe pati na kuviringwa kwa kitako cha chupa, duara la sentimita 2 au 3. Faiba haikubali kona kali. Ukiilazimisha inainuka na kuacha hewa, na hewa hiyo ndiyo nyumba ya maji. Halafu mati, rovingi (kitambaa kizito cha faiba kilichofumwa), mati, rovingi, mati, mati. Tabaka la kwanza lipande ubavuni sentimita 20, yanayofuata yapungue.

Vifaa kwa ukuta peke yake: kama mita 7 za mraba za mati 450, mita 4 za rovingi 600, na rezini kilo 12. Kipimo changu ni kilo mbili na robo ya rezini kwa kilo ya mati, kilo kwa kilo kwa rovingi. Ukiongeza mkuku na upotevu, nunua kilo 20 za rezini na mita 12 za mati, hutorudi mjini.

fundi_funguni

Naongeza la hadina, maana ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Asilimia 1 mpaka 2 kwa uzito. Kwa kilo moja ya rezini, asilimia moja na nusu ni gramu 15, ambazo kwenye bomba la sindano ni kama mililita 13. Pimeni, msikisie kwa kizibo cha soda. Ikipungua chini ya asilimia 1, tabaka linaweza lisikomae kabisa hata likae mwezi. Ikizidi, linachemka, linapasuka na kujikunja.

Usikoroge zaidi ya kilo moja kwa mara moja. Kwenye joto la digrii 30 una kama robo saa, na rezini ikiwa nyingi ndani ya ndoo inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi. Ikianza hivyo imwage juu ya mchanga iwe tambarare. Kazi ifanyike kivulini, asubuhi umande ukishaondoka au baada ya alasiri. Msimu mzuri ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, hewa imepoa na mvua ni chache, na bahari ya kusi yenyewe inawaweka watu wengi pwani. Masika hata usifungue ndoo.

Matabaka matatu au manne kwa mkupuo, kisha acha lipoe. Endelea ndani ya siku moja, wakati juu pananata bado, yatashikana kama kitu kimoja. Ikipita hapo, au kama rezini yako ina nta, kwaruza tena.

Rezini yenyewe ijaribu kabla ya kuilipia. Maisha yake ni kama miezi sita kwenye ubaridi, na bohari zetu si za ubaridi. Ikivutika kama asali ya kale, iache. Gramu 100 kwa gramu moja na nusu ya hadina inatakiwa igande ndani ya dakika 10 mpaka 25.

Hadina ikiruka jichoni inapofua. Vaa miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu, osha robo saa bila kusita halafu hospitali. Ukinunua rezini isiyotiwa kobalti (kichocheo chake), usikutanishe kobalti na hadina moja kwa moja: inaripuka. Kobalti kwanza kwenye rezini, ikorogwe sana, hadina baadaye. Vumbi la faiba linataka barakoa ya vichujio, kanga ya kufungia uso haizuii kitu. Na angalieni upepo, jamani. Kukwaruza faiba upande wa juu wa majamvi ya dagaa ni kuwauzia watu vioo.

kojani_kusi

Kwenye mkuku msisahau: kiraka kipana kianze, chembamba kifuate, sentimita 30, 25, 20, 15, 10. Wengine hugeuza. Kipana kikianza, kila kinachofuata kinakaa juu ya uso mmoja mzuri, na ukimalizia kwa msasa hukati ncha za tabaka la chini.

Kama unyufa umepita ngozi nzima, kuchongwa kwake ni mara 12 ya unene. Ngozi ya milimita 6 inataka mteremko wa sentimita 7 kila upande. Kiraka kilichobandikwa juu ya shimo bila mteremko kinasukumwa na maji mpaka kinafunguka kama kifuniko.

dema_la_tumbe

Nimetoboa jana, mwenyewe akiwepo. Tundu la juu ya nguruzi: unga mweusi, maji yakatiririka. Kati ya boliti: mweusi vilevile. Kona ya juu: mkavu, wa kahawia. Sakafuni povu limelowa, nimelikamua. Mhimili wa urefu (boriti ya chini ya sakafu iendayo omo mpaka tezi) wa kulia ukigongwa unajibu kizito kwa sentimita 80 za mwisho kuelekea tezi, wa kushoto mzima mpaka mwisho. Jaribio la maji: inavuja mahali pawili mkukuni, kwenye nyuzi zilizochomoza. Ubavu wote unalia vizuri. Nyufa za buibui zimeisha kwa msasa.

fundi_funguni

Basi inafufulika, ngozi ndiyo mali na ngozi yako nzima. Lakini bei uzungumze kama unanunua ngozi tupu: ukuta wote, povu lote, kipande cha sakafu, kipande cha mhimili na mkuku. Na kabla ya hapo aonyeshe karatasi za usajili zenye jina lake na namba ya mashine ilingane, maana Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar hawatakagua hadithi.

Mhimili wa kulia: fungua faiba yake kwa juu, kwenye hizo sentimita 80 na 30 zaidi kuelekea omo mpaka ukutane na ubao mkavu. Angalia unene wa faiba iliyouvika. Kwa boti nyingi ubao ni kalibu tu, na nguvu imo kwenye faiba. Ikiwa na milimita 5 au 6, toa uozo, weka ubao mkavu uliolowekwa rezini, funga juu kwa mati tatu zinazoshuka sentimita 10 kila upande. Ikiwa nyembamba, ongeza rovingi mbili. Kiungo cha ubao wa zamani na mpya kiwe cha mshazari, urefu mara 8 ya unene, usiviunganishe kichwa kwa kichwa.

Fanya mhimili kwanza, ukuta baadaye. Mhimili unatakiwa ufike ukutani na kufungwa nao kwa faiba, kwa sababu msukumo wa mashine unapita hapo kwenda kwenye boti nzima. Ukuta mpya usioshikana na mihimili utaanza kucheza upya.

dema_la_tumbe

Tundu linalopitisha maji chini ya mhimili, naliacha vipi? La sasa limetobolewa ubaoni hivihivi.

fundi_funguni

Ndilo lililouozesha. Kata kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, kikwaruze kwa msasa mpaka kipoteze mng'aro, kilaze ndani ya tundu kwa epoksi nzito, kingo zake zifunikwe na mati. Nguruzi vilevile: panua tundu kwa milimita 6 kuliko linavyotakiwa, jaza epoksi, ikikomaa toboa tena kwa saizi, kisha ukae mkono wa shaba juu yake. Boliti za mashine kwa namna hiyo hiyo, ya milimita 10 itobolewe 16, ijazwe, itobolewe upya 10 na nusu. Boliti za stenlesi 316, washa pana kwa ndani, na gundi ya baharini ya poliurethani. Silikoni iache ya madirisha.

Ukikaza usimalize siku hiyo. Kaza mpaka gundi itoke pembeni, iache ikomae siku moja, halafu ndiyo uzungushe robo ya mwisho. Na baada ya safari ya kwanza fungua mashine, angalia kama boliti yoyote imelegea kabla hujaiingiza tena majini.